Viguu Vinne vya Cherehani ya Mama

Zamani nilikuwa najua nimefika nyumbani kabla sijaiona nyumba yenyewe. Ukishuka stendi ya Kilosa ukaingia Magomeni kwa miguu, unapita maduka ya vitenge, unampita mama anayekaanga mihogo, kisha njia inabana kati ya kuta mbili za matofali ya kuchoma. Hapo nilikuwa nasimama. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, huku nasikiliza. Kutoka dirishani kwa mama ulikuwa unakuja mngurumo wa chini, wa taratibu, unakwenda kidogo unakatika, unakwenda kidogo unakatika. Ilikuwa cherehani. Nikishausikia nilinyanyuka nikaendelea, na haraka yote ilikuwa imeniisha. Kwa upande wangu nilikuwa nimeshaingia ndani, nimeshavua viatu, nimeshapewa maji.

Mimi ni mtu wa njia. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Morogoro mjini kwa siku chache, na siku hizo hazijaisha mpaka leo, nami nimeshavuka arobaini. Nimekuwa utingo wa malori, nimepanga mbao Mafinga, nimeuza chumvi Dodoma, nimelinda mitambo ya kuchimba visima katika vijiji ambavyo nakumbuka miti yake kuliko majina yake. Kila nilipohamia nililala vizuri mwanzoni, halafu usingizi ukaanza kupungua, na nilipojichunguza niliona kinachopungua ni ule mngurumo. Basi nilifunga begi nikaenda Kilosa, nikalala mchana mama akishona, nikapona, nikaondoka tena.

Safari hii nilisimama kati ya zile kuta mbili, nikafunga kamba, nikazifungua, nikazifunga upya. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na redio ya mbali, kulikuwa na mtu anapasua kuni. Mngurumo haukuwepo.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Sijakonda."

"Basi hizo nguo ndizo zimenenepa. Kaa."

Nilikaa. Cherehani ilikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya meza ya mninga, pembeni pale ambapo dirisha linakutana na ukuta wa chumba cha pili. Lakini ilikuwa imefunikwa kanga, na juu ya kanga kulikuwa na sahani, na juu ya sahani kulikuwa na kiberiti. Niliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Cherehani ya mama haikuwahi kuwa mahali pa kuwekea vitu.

"Nimepumzika," alisema kabla sijauliza, akarudi kwenye mchele wake.

Nilinywa maji, nikanywa chai, nikaeleza habari za njiani, na jua likahama kutoka mezani mpaka sakafuni. Ndipo nikauliza tena kwa sauti ya chini, amepumzika nini. Mama alikielekeza kidevu ukutani.

Chumba cha pili alikuwa amempangisha kijana mmoja, mlinzi wa usiku kwenye kituo cha reli mpya. Mtu mwenye adabu, alisema mama, anafagia mpaka upande wetu. Siku anahamia alikuja kusalimia, akapiga goti kabisa, akasema, "Mama, mimi kazi yangu ni ya usiku, kwa hiyo mchana utaniona nimenyamaza tu."

"Akasema nini tena?" niliuliza.

"Hayo tu."

"Hayo tu, na wewe ukaacha kushona?"

"Ulitaka aseme nini zaidi? Mimi ni mtu mzima, nimesikia."

Niliondoa kiberiti, sahani na kanga, nikaiinua cherehani upande mmoja nitazame chini. Ni cherehani ya mkono, nyeusi, nakshi zake za dhahabu zimefutika pale kiganja cha mama kinapopita. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake kutembea juu ya njia akikagua mataruma yanayobeba reli, na aliinunua kwa familia moja ya watu wa mashamba ya mkonge waliokuwa wanarudi kwao. Imekaa juu ya kitako cha mbao, na kitako kile kilitengenezwa kiwe na viguu vinne vya mpira. Mimi sikuwahi kuvifahamu. Vilikauka, vikapasuka, vikaanguka kimoja kimoja nikiwa mtoto mchanga. Nilichokiona ni matundu manne ya skrubu na duara jeusi kuzunguka kila tundu, alama ya kitu kilichokaa pale siku nyingi.

Kwa hiyo mbao ilikuwa imelala juu ya mbao. Meza ile ina droo kubwa ambayo haijawahi kujaa, na ubavu wake unagusa ukuta. Nilizungusha mkono wa cherehani mara moja bila uzi, na mngurumo ukatoka kwenye droo, ukapita mezani, ukaingia ukutani. Mama alinishika mkono haraka.

Niliuachia mkono wa cherehani taratibu. Ile sauti niliyokuwa naisikia njiani miaka yote ilikuwa sauti ya meza.

Tungeweza kuhamisha meza, lakini macho ya mama yanaona tundu la sindano kwenye mwanga wa dirisha lile tu. Barazani hataki, kuna vumbi, na anasema hajafikia kukaa njiani anaita wateja. Mkekani magoti hayamruhusu tena. Alikuwa ameshajaribu kuweka kanga iliyokunjwa chini ya kitako, cherehani ikateleza naye akaifuata, mpaka mshono ukatoka umepinda. Baada ya hapo ndipo akaleta sahani.

Jioni ile dada alipiga simu kutoka Mikumi. Dada ni mkubwa wangu, ana kibanda cha chai na supu kando ya barabara kuu, na anazungumza kwenye simu vile anavyozungumza na madereva. Mama aliweka sauti ya nje.

"Kumbe umefika," dada aliniambia. "Vizuri. Utabeba mizigo."

"Mizigo gani?"

"Ya mama. Wiki ijayo nakuja na gari. Mama, umemwambia?"

"Sijamwambia," alisema mama.

"Mama amepumzika kushona," dada alieleza, kana kwamba mama hayupo. "Sasa anakaa peke yake anafanya nini? Aje apumzikie huku, tumwone. Cherehani mtampa mtu anayeihitaji."

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama dirisha.

Ili mtu aelewe jambo hili lilikuwa na uzito gani, inabidi ajue kwamba dada alikuwa akimwita mama kila mwaka, na kila mwaka mama alikuwa na jibu moja. Alisema, "Nina nguo za watu." Fundi mwenye nguo za watu haondoki, hilo kila mtu analikubali, hata dada. Huwezi kumvuta mtu nyumbani kwake na sare za shule za watoto wa jirani ziko mezani hazijapindwa. Lakini mama asiyeshona, anayekaa mwenyewe, akiitwa na binti yake wa kumzaa, atajibu nini? Akisema hataki tu, atakuwa amemvunjia binti heshima mbele ya watu. Mama hawezi kusema hivyo. Angefunga nguo zake kwenye kanga, angepanda gari, angekwenda kukaa mahali ambapo malori hayalali, na dirisha lile lingefungwa. Na mimi, ambaye sina nyumba popote, ningekuwa narudi wapi?

"Haya," mama aliiambia simu. "Tutaona."

Kesho yake asubuhi nilianza kutafuta viguu.

Fundi wa cherehani wa sokoni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole. Alisema cherehani za siku hizi zinafungwa kwenye meza zake, nani anauza viguu? Akaniuliza kama natafuta mnunuzi wa hiyo cherehani. Nilikwenda kwa fundi viatu, anayekata matairi akatengeneza katambuga. Yeye alilielewa jambo mara moja, akanikatia vipande vinne vya mviringo, vizuri mno, nikavibeba mfukoni kama mtu aliyebeba mayai. Nilivipigilia, mama akazungusha pole pole kijana akiwa ametoka. Vilikuwa vigumu. Vilikwenda kwata, kwata, kwata, kama mbuzi juu ya sakafu ya saruji.

"Umeivisha viatu," mama alisema.

Nikatoa ndala zangu mwenyewe, nikazikata kisigino. Hizo zilikuwa laini, na kwa dakika chache tulifurahi. Lakini cherehani ni chuma. Kadiri mama alivyoshona ndivyo ilivyozidi kuzama upande wake, inainama, inainama, mpaka sindano ikakosa tundu ikagonga chuma ikakatika. Mama alikiokota kipande akakitia kwenye kopo la sindano zilizovunjika. Kisha akairudisha kanga.

"Acha, baba," alisema. "Umejitahidi."

Mchana ule nilitembea. Nilifuata njia ya reli ya zamani, ile ya baba, nikahesabu mataruma mpaka nikapoteza hesabu. Mto Mkondoa ulikuwa umepungua, unapita katikati ya mchanga wake mpana bila kujali. Upande wa pili mashamba ya zamani ya mkonge yalikuwa yamegeuka mahindi, lakini hapa na pale mkonge mmoja ulikuwa umebaki na kutoa mlingoti wake mrefu, umesimama peke yake katikati ya mahindi ya watu. Joto lilikuwa linatetema juu ya reli. Katika tetemo lile nilikuwa naona vitu vinavyokuja na kutoweka: baba na nyundo yake ndefu, mimi nyuma yake na chupa ya chai, na mahali fulani mbele yetu nyumba yenye mngurumo. Nilijaribu kukumbuka cherehani ilivyokuwa kabla ya mngurumo, na sikuweza. Kumbukumbu yangu inaanzia mpira ulipokwisha.

Nilipogeuka kurudi mjini nilikuwa naona mpira kila mahali. Mpira kwenye pedeli za baiskeli. Mpira kwenye mfuniko wa chupa ya chai. Mpira kwenye miguu ya viti vya benki niliyochungulia mlangoni. Mzee mmoja alikuwa anavuka barabara na mkongojo wenye kofia ya mpira chini, mnene, mweusi, ukubwa ule ule, nami nikamfuata kwa macho, na baadaye kwa miguu, bila kujua. Alisimama akageuka.

"Kijana, tunajuana?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tangulia wewe, mimi nina haraka ndogo."

Nikatangulia. Nilikwenda moja kwa moja stendi kuuliza kama kuna gari la Mikumi, kwa sababu kule kuna malori, na mahali penye malori hapakosi mpira.

Nilipata lori la mahindi. Dereva alikuwa mtu niliyewahi kuwa utingo wake, akanipa kiti cha mbele bila maswali mengi. Njia ile naipenda kuliko njia zote. Unaacha mji, unaingia katikati ya vilima vya bluu ambavyo havikaribii hata ukienda vipi, vumbi linaingia dirishani taratibu na kulala juu ya mikono yako, na vijiji vinapita vikiwa nusu usingizini: mlango, mbuzi, mwanamke aliyeinamia ndoo, mlango. Nilisikiliza kiti kikitetema chini yangu, nikafikiri jinsi lori zima, na magunia yake yote, limekaa juu ya vipande vya mpira ambavyo hakuna anayevitazama.

Mikumi nilianzia kwenye gereji. Mafundi walikuwa wakarimu kupita kiasi. Walinitolea mpira wa injini unaojaa viganja viwili, mpira wa springi, na zile pete za mpira ziitwazo bushi, za kila aina, zilizochakaa.

"Hii hapa, ichukue. Itabeba mpaka tembo."

"Ni cherehani, ndugu yangu."

"Cherehani ya nani, ya jeshi?"

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini jua lilikuwa linashuka na mfuko wangu ulikuwa umejaa vitu ambavyo havifai. Nilikwenda kwa dada.

Kibanda chake unakisikia kabla ya kukiona. Ana sabufa kubwa ameiweka juu ya ubao wa kaunta, anapiga muziki wa dansi wa zamani ili dereva aliyechoka akumbuke kwamba ana njaa. Alikuwa anapindua chapati. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umevaa ndala za nani? Mbona hazina visigino?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kupanga habari ya gari?"

Niliketi kwenye benchi kati ya madereva wawili, nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa sababu yeye hakuwa ameambiwa lolote. Kwenye simu mama alikuwa amesema amepumzika, basi. Nilieleza habari ya kijana wa usiku na goti lake, meza na droo yake, viguu vilivyokwisha, katambuga, ndala, sindano. Dada hakuacha kupindua chapati, lakini alianza kuzipindua kabla hazijaiva.

"Kwa hiyo mama hajachoka," alisema.

"Hajachoka."

"Macho?"

"Macho ni yale yale."

"Na wewe unatafuta viguu ili ashone."

"Ndiyo."

"Akishona haji."

"Haji," nilisema. Nisingeweza kumdanganya, ameniogesha utotoni.

Alitoa chapati moja iliyoungua akaiweka pembeni.

"Nimeshapaka chumba rangi," alisema.

Niliuliza rangi gani.

"Bluu. Ile ya kanga yake ya Idi."

Muziki uliendelea, magitaa yale ya zamani yakizunguka mahali pamoja, na lori moja likapiga breki barabarani kwa pumzi ndefu. Kwa mbali, ng'ambo ya barabara, nyani walikuwa wamekaa juu ya mawe wakitazama vyakula vya watu. Dada alifuta mikono kwenye aproni yake. Kisha akazima sabufa.

"Dada, tumekukosea nini?" dereva mmoja alilalamika.

"Kunywa chai yako."

Aliipindua sabufa ikalala chali juu ya ubao. Chini yake, kwenye pembe nne, kulikuwa na viguu vinne vya mpira, vyeusi, vya mviringo, kila kimoja kimeshikwa na skrubu katikati. Nilivitazama nikahisi nimeviona zamani. Ukubwa ulikuwa ule wa yale maduara meusi.

"Nipe kisu," alisema dada. "Si hicho, chenye ncha."

Alifungua skrubu zote yeye mwenyewe, akavifunga viguu na skrubu zake kwenye karatasi ya maandazi, akanipa. Kisha akaisimamisha sabufa na kuiwasha. Ubao mzima wa kaunta uliingia kwenye muziki. Vikombe vilianza kutembea, vyote kwa pamoja, kuelekea ukingoni.

"Dada, vikombe vinahama."

"Vishikeni. Mna mikono ya nini?"

Nililala kwake, kwenye chumba cha bluu. Kilikuwa bado kinanuka rangi. Kitandani kulikuwa na mto mpya ambao haukuwa umewahi kulaliwa na mtu, na niliuweka pembeni nikalalia shati langu nililolikunja.

Asubuhi dada alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza nimwambie mama nini.

"Usimwambie kitu," alisema. Nilipokuwa nimeshapanda aligonga mlango wa gari. "Mwambie chumba kipo. Akitaka kuja kutembea."

Magomeni nilifika kijana akiwa amelala. Tuliilaza cherehani juu ya mto, kwa ubavu, mama ameishika kichwani kama mtu anayemshikia mgonjwa. Matundu matatu yalipokea skrubu bila shida. La nne lilikuwa limepanuka, skrubu ilikuwa inazunguka tu, kwa hiyo nilichukua njiti kutoka kwenye kile kiberiti cha juu ya sahani, nikavunja kichwa chake, nikaijaza tunduni. Skrubu ikauma. Tukaiinua, tukaiweka mezani. Ilisimama juu kidogo kuliko nilivyoizoea, ikaonekana imenyoosha shingo.

Mama alikwenda kunawa mikono. Alirudi na mafuta, akatia tone hapa na tone pale, akafuta, akachukua uzi mweupe. Alikitafuta kitundu cha sindano mwenyewe, hakuniomba. Akaweka kipande cha kitambaa, akashusha mguu wa kukandamizia kitambaa, akazungusha.

Sikusikia kitu. Baadaye nikasikia: kimlio kidogo cha chuma, kikavu, kama saa ya mkononi, na kitambaa kikipita kama pumzi. Droo ilikuwa kimya. Ukuta ulikuwa kimya. Mama aliacha kuzungusha, akatazama mshono, akazungusha tena akiwa ameinamisha kichwa.

"Imeharibika?" niliuliza.

"Hapana." Alizungusha mara nyingine. "Ndivyo ilivyokuwa siku baba yako ameileta. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nashona wewe umelala hapa mezani, kwenye kapu, na huamki."

Alishona mpaka kitambaa kikaisha, akakigeuza akashona upande wa pili, bila kazi yoyote, mishono tu.

Kijana aliamka alasiri. Tulimsikia akipiga mswaki uani, kisha tukasikia hodi. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," mama alisema, na mkono wake ukaondoka kwenye cherehani. "Tumekuamsha?"

"Hapana, mama. Nimeamka mwenyewe nikaona uzi dirishani. Unashona?"

"Najaribu tu."

Kijana alitazama chini. Alikuwa na koti lake la kazi mkononi, zipu imeachia, na ilionekana ilikuwa imeachia muda mrefu, maana koti lilifungwa kwa pini.

"Mama, nikwambie kweli," alisema. "Siku zile za kwanza ilikuwa kama mashine ya kusaga imewekwa kichwani kwangu. Nikasema sisemi. Halafu ukanyamaza. Tangu hapo nikawa nalala, lakini silali vizuri. Nikijigeuza nafikiri, mimi ndiye nimemnyamazisha mama wa watu."

"Sasa mbona hukusema?" niliuliza.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningesemaje, kaka?"

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea koti. Alilikung'uta, akalitazama mwangani, akaitoa ile pini akaiweka kwenye midomo yake.

"Zipu mpya unayo?" alisema, pini ikiwa mdomoni.

"Nitanunua leo, mama."

"Nunua ya chuma, usinunue ya plastiki. Na lile jingine ulilokuwa unalivaa, la mifuko, lilete."

Dada alipiga simu jua likiwa bado lipo. Alikuwa anapiga kelele kuliko kawaida, kwa sababu nyuma yake muziki ulikuwa unatikisa vitu, na kati ya maneno yake tulisikia vikombe vikigongana.

"Mama, gari la wiki ijayo, nimwambie dereva aje au asije?"

Mama alilisogeza koti karibu na sindano. Lilikuwa koti moja.

"Nina nguo za watu," alisema.

Nilimsikia dada akipumua katikati ya muziki.

"Haya, mama. Ukizimaliza."

"Nikizimaliza nitakuja kutembea. Nimesikia kuna chumba. Sasa punguza hiyo kelele, utawavunjia watu vikombe."

Nilitoka nje kidogo. Nilikwenda mpaka pale njia inapobana kati ya kuta mbili, nikainama kwenye viatu vyangu. Kuku walikuwepo, redio ya mbali ilikuwepo, mtu wa kuni alikuwa amemaliza. Dirisha la mama lilikuwa wazi, na niliuona mkono wake ukizunguka, ukizunguka, ukasimama, ukazunguka. Hakuna sauti iliyonifikia. Nilijua kwamba mara nyingine nitakaporudi kutoka huko nitakakokuwa, nitasimama hapa na sitasikia kitu, na itabidi nitembee hatua zote zilizobaki mpaka mlangoni ndipo nijue.

Nilirudi ndani. Mama hakuinua macho.

"Ulikwenda kusikiliza?"

"Ndiyo."

"Huko haifiki tena. Ukitaka kuisikia, kaa hapa."

Nilivuta kiti, nikaweka kiwiko juu ya meza ya mninga, upande ulio mbali na dirisha nisimzibie mwanga. Mama akaanza ukosi wa koti huku akiingoja zipu. Sauti ilinifikia mkononi kwanza, nyembamba sana. Nililaza kichwa juu ya mkono, na yeye akaendelea.